Barabara ya Sclater kutoka Eldama Ravine: utaitafutaje leo?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia karibu na Eldama Ravine. Wazee wa hapa wanasema barabara ya mikokoteni ya Wazungu, ile ya kabla ya reli, ilipita kwetu ikapanda kuelekea Timboroa. Shida ni kwamba kila mzee ananionyesha mahali pake. Nimejaribu kuilaza ramani ya zamani juu ya picha ya setilaiti, lakini mistari haikutani. Kuna mahali barabara inapita katikati ya jabali. Nataka kuitembea na chama cha historia cha shule. Nianzie wapi, na nitajuaje kwamba ninayoikanyaga ndiyo yenyewe?

JIBU: Mwalimu, usiwatilie shaka wazee wako kwa kukuonyesha mahali tofauti, kwani huenda wote wanasema kweli. Upande huo wa Mau haukupitiwa na njia moja tu ya magurudumu. Zilikuwapo kadhaa, kila moja na zama zake, na baadhi zimepandana. Kazi yako ni kuzitenganisha. Na hiyo ramani inayokupeleka jabalini nayo usiitupe. Inasema kweli kuhusu mfuatano wa mambo, yaani mto gani unatangulia kambi gani, ila inakosea mahali hasa. Jibu langu kwa ufupi ni hili: achana na mstari kwanza. Tafuta vivuko na kambi, halafu uunganishe kimoja na kingine kwa kufuata ardhi ambayo ng'ombe wa kuvuta mkokoteni angeimudu. Mengine yote nitakayoeleza ni namna ya kufanya hivyo.

Tuanze na barabara yenyewe, maana wengi huitafuta bila kujua ilikuwa kitu gani. Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 chini ya William Mackinnon, ilianza kufungua njia ya mikokoteni kutoka pwani, na kipande hicho kikafika Kibwezi. Kampuni ikaishiwa nguvu. Uingereza ikatangaza himaya juu ya Uganda mwaka 1894, na mwaka uliofuata juu ya nchi iliyo kati ya Uganda na pwani. Sasa serikali ilikuwa na maboma, askari na maofisa kule Ziwa Viktoria, na kila gunia na kila sanduku la risasi lilikuwa likisafiri kichwani mwa mpagazi kwa miezi. Ndipo kuanzia 1895 akaletwa Kapteni Bertram Lutley Sclater wa kikosi cha wahandisi wa jeshi, akisaidiwa na Luteni G. E. Smith, kuendeleza njia kutoka Kibwezi, kupita nchi ya Wakamba na nyanda za Athi, Nairobi, Kikuyu, kushuka bonde la Kedong, Naivasha, uwanda wa Nakuru, Ravine, kupanda Mau, kisha kuteremka kuelekea kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, na ziwani. Ukianzia Mombasa ni safari ya karibu kilomita 970. Sclater hakuishi kuiona ikitumika kwa muda mrefu. Alifariki Unguja mwaka 1897 kwa homa ya mkojo mweusi.

Hata Nairobi ina deni kwa barabara hii. Kabla reli haijafika, pale mtoni palikuwa na kituo kidogo cha wahandisi hao cha kutunzia ng'ombe na nyumbu, kilichowekwa mwaka 1896. Mji ulikuja baadaye.

Kumbuka kwamba barabara iliishi kidogo sana. Reli ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, na Desemba 1901 ikafika Port Florence, Kisumu ya leo. Ilipofika bonde la Ufa reli ilichagua njia nyingine ya kuvuka Mau, ikaiacha Ravine pembeni. Boma lenu lililokuwa kituo kikubwa cha safari likapoteza misafara yake. Hilo liliwaumiza wafanyabiashara wa wakati ule, lakini kwako wewe ni bahati. Barabara inayoendelea kutumika hupanuliwa, huchongwa, humwagiwa lami, na ile ya kwanza hupotea chini yake. Nenda Nairobi ukaone: kipande cha barabara ile ndani ya mji kiliendelea kuitwa Sclater's Road kwa miongo mingi, leo ni Waiyaki Way, na juu yake umejengwa mwanzo wa barabara ya ghorofa iliyofunguliwa mwaka 2022. Pale huwezi kupata hata alama. Kwenu, kipande kilichoachwa mapema kina nafasi nzuri zaidi ya kubaki kikiwa kimelala.

Usitarajie mawe yaliyopangwa wala kokoto. Sehemu kubwa ilikuwa ni kufyeka vichaka, kuondoa mawe na visiki, kuchonga kingo za vijito ili magurudumu yashuke na kupanda, na kuchimba ubavu wa mlima pale ambapo mkokoteni ungepinduka. Uwandani hawakuchimba chochote. Huko hakuna kitu cha kutafuta, na ningekushauri usipoteze siku hata moja. Ushahidi uko kwenye miteremko na kwenye maji.

Sasa fikiria ng'ombe. Mpagazi anaweza kupanda mlima moja kwa moja akishika mizizi, lakini jozi kadhaa za ng'ombe zilizofungwa nira moja nyuma ya nyingine, na mkokoteni nyuma yao, haziwezi kukata kona kali. Ng'ombe wa mbele wakishageuka, wa nyuma bado wanavuta upande wa zamani, na mkokoteni unaburutwa kwenda pembeni. Kwa hiyo barabara ya ng'ombe haipandi kwa zigizaga kama barabara ya gari. Hutafuta kigongo kirefu chenye mwinuko wa pole na kupanda nacho. Tena ng'ombe lazima wale na wacheue. Hawawezi kuvuta mchana kutwa. Huondoka alfajiri, hupumzishwa jua likiwa kali, na jioni wanahitaji maji na nyasi, si maji peke yake. Mwendo wa siku ulikuwa kama kilomita 15 hadi 20 penye ardhi nzuri, na pungufu mlimani. Ukiwa na hayo manne, yaani kigongo cha pole, kona pana, maji ya jioni na nyasi, tayari umefuta sehemu kubwa ya ramani ambako barabara isingeweza kupita. Na hilo jabali lako ni la kwanza kufutwa.

Kwa nini basi ramani inapita jabalini? Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo watafutaji wengi hukata tamaa. Wapimaji wa miaka ya 1890 walipata latitudo kwa kupima urefu wa jua au nyota juu ya upeo, na waliipata vizuri. Longitudo ilikuwa kazi nyingine. Ilitegemea saa maalumu iliyobebwa tangu pwani, ikitunza muda wa mahali panapojulikana. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo saa ikikosea sekunde 4 tu, hapo kwenu karibu na ikweta unakuwa umejiweka karibu kilomita 2 mashariki au magharibi ya ulipo. Saa iliyotikiswa kwenye mzigo kwa wiki nyingi, ikalala kwenye baridi ya Mau na kuamkia jua la bondeni, haikosei sekunde 4 tu.

Kuna na dira. Kati ya kituo kimoja na kingine walichora kwa kusoma uelekeo wa dira na kukadiria mwendo. Kaskazini ya sumaku haikai mahali pamoja. Tangu wakati ule imehama digrii kadhaa katika nchi yetu. Kosa la digrii 5 kwenye kipande cha kilomita 10 linakupeleka karibu mita 900 pembeni, na hiyo inatosha kukutoa kwenye kigongo na kukuweka korongoni. Mashirika ya sayansi ya dunia yamechapisha hesabu za kihistoria za mwelekeo wa sumaku, nazo ziko wazi mtandaoni. Weka mwaka 1896 na mahali pako, upate tofauti, kisha urekebishe kila uelekeo kabla hujauchora upya.

Kwa hiyo usiivute ramani nzima ya zamani ili ikae juu ya picha ya setilaiti. Ikate vipande. Kila kipande kianze na kuishia kwenye kitu ambacho hakijahama: makutano ya mito miwili, kilele, maporomoko, mahali pa boma. Kipande cha Ravine hadi kivuko cha kwanza kirekebishwe peke yake, kisha kivuko hicho hadi kinachofuata. Hapo utaona mistari ikianza kukubaliana na ardhi.

Kuhusu karatasi, jambo moja huwapotezea watu muda mwingi. Ravine haikuwa sehemu ya himaya ya Afrika Mashariki wakati barabara inajengwa. Hadi mwaka 1902 nchi yote kuanzia Naivasha kuelekea magharibi ilikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Mtu akienda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, akaomba mafaili ya Ravine ya 1896, hurudi mikono mitupu na kudhani hayapo. Kumbukumbu za miaka ile ziliandikwa na watumishi wa Uganda, na nyingi zilikaa Entebbe. Barua za kwenda London ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew, katika mfululizo wa FO 2, maana wakati ule himaya hizi zilikuwa chini ya wizara ya mambo ya nje. Smith mwenyewe alieleza kazi ya barabara na upimaji kwenye jarida la shirika la kijiografia la kifalme la Uingereza mwaka 1899. Nairobi uende kwa ajili ya taarifa za wilaya za baada ya 1902, ambamo maofisa mara nyingi hutaja barabara ya zamani kama mpaka wa kitu fulani. Mistari hiyo ya kupita tu ina thamani kubwa.

Kisha nenda Idara ya Upimaji, Ruaraka. Nunua ramani za kipimo cha 1:50,000 za eneo lako, na uulize habari za picha za anga zilizopigwa na ndege za jeshi la Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950. Hizi nazipenda kuliko chombo kingine chochote katika kazi hii. Zilipigwa kabla mashamba hayajagawanywa vipande vidogo na kabla sehemu kubwa ya misitu haijageuzwa shamba la miti ya kupandwa. Picha zilipigwa zikipandana, kwa hiyo mbili za jirani zikitazamwa pamoja kwa kioo cha stereo, kifaa chenye lenzi mbili, moja kwa kila jicho, mlima unainuka mbele ya macho yako na mfereji mwembamba unaopanda kigongo unaonekana. Usizitazame ukiwa umeshaamua njia. Chora kwanza kila mstari unaouona, ndipo uanze kuuliza upi ni wa nani.

Kama shule ina kompyuta, ongeza data za mwinuko zilizokusanywa na chombo cha anga cha Marekani mwaka 2000. Ni za bure na zinaonyesha ardhi kwa vipande vya mita 30. Haziwezi kuonyesha barabara, lakini zinaonyesha vizuri wapi mkokoteni usingepanda.

Sasa tabaka zenyewe, ambazo ndizo zinazowachanganya wazee na wapimaji kwa pamoja. Ya chini kabisa ni mapito ya wenyeji na ya misafara ya biashara kutoka pwani, ambayo ni ya zamani kuliko Sclater. Hizi ni nyembamba, hazijali mwinuko, na hupenda mito penye mawe ya kukanyagia. Juu yake ndiyo barabara ya mikokoteni ya miaka ya 1890. Mwaka 1908 wakaja Makaburu wa msafara wa van Rensburg kutoka Nakuru, na magari yao ya ng'ombe, wakipanda kwenda Uasin Gishu kupitia misitu hiyohiyo ya Mau. Wao nao walifuata vigongo, kwa sababu ileile ya ng'ombe, na alama zao zinafanana mno na za Sclater. Halafu kuna miti. Mlowezi Ewart Grogan na wenzake walipata haki ya kukata mbao katika msitu wa Lembus mwanzoni mwa karne ya 20, na ukataji wa mbao huacha njia nyingi za kuburutia magogo. Hizi utazitambua kwa tabia yao: huanza ghafla msituni, huteremka kuelekea kiwanda, na hazina haja ya kufika popote pengine. Katikati ya miaka ya 1920 reli ya Eldoret ikapita Timboroa, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,700, na ujenzi wake ulikuwa na njia zake za huduma. Lami ni ya juzi tu.

Jihadhari na kishawishi cha kuchukua kila barabara nzuri ya zamani kuwa ndiyo. Kule kwenye ukingo wa bonde, watu wengi hushuka Mai Mahiu wakidhani wanafuata njia ya misafara. Barabara ile ni kazi ya mateka wa kivita wa Kiitalia wa miaka ya 1940, waliojenga pia kanisa dogo lililo kando yake. Barabara ya Sclater ilishuka Kedong karibu nusu karne kabla yao.

Utatofautishaje basi ukiwa chini, miguuni? Tazama ubavu wa mlima. Njia iliyochimbwa kwa ajili ya magurudumu ina umbo lake: upande wa juu kuna ukingo uliokatwa, sasa umelainika na kuota nyasi, katikati kuna kitako bapa, upande wa chini kuna tuta la udongo uliotupwa wakati wa kuchimba. Pima kitako hicho kwa hatua. Mapito ya watu na ng'ombe wa malisho hayana tuta la chini, kwa sababu hayakuchimbwa, yalibonyea tu. Njia ya trekta ni pana zaidi na kata yake ni kali na mbichi. Na pale ambapo njia inapanda moja kwa moja juu ya kigongo bila kuchimbwa, tafuta mfereji uliobonyea, mara nyingine miwili au mitatu sambamba. Mvua zilipoharibu mmoja, wenye mikokoteni walihamia pembeni.

Lakini kivuko ndicho shahidi mkuu. Simama kwenye kijito unachodhani barabara ilikivuka, utazame kingo zote mbili. Unatafuta mikato miwili inayotazamana, mmoja kila upande, yenye upana unaofanana, iliyoshuka kwa mshazari kuelekea kwenye maji yenye kina kidogo na sakafu ya mawe madogo. Mkato upande mmoja tu ni mahali pa kunyweshea mifugo. Mikato isiyotazamana ni mmomonyoko. Ukiona miwili inayotazamana, geuka utafute eneo bapa lisilo mbali, juu ya mafuriko, penye nafasi ya kulaza ng'ombe na watu: misafara ilipenda kuvuka kwanza na kulala ng'ambo, ili mvua ya usiku isiwazuie asubuhi. Ukipata kivuko na uwanja wa kambi pamoja, weka alama nzito kwenye ramani.

Nuru ina maana kubwa katika kazi hii. Mibonyeo ya miaka zaidi ya 120 haionekani jua likiwa juu. Kwenu kwenye ikweta jua hupanda haraka, kiasi cha nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo mna dakika chache za asubuhi na chache za jioni ambapo kivuli kirefu kinachora kila tuta. Fika mapema, simama kwenye kilima cha ng'ambo, na uwape wanafunzi kazi ya kutazama tu. Nendeni Januari au Februari, nyasi zikiwa fupi. Udongo ulioshindiliwa hukauka mapema, na nyasi zake hugeuka rangi kabla ya za jirani.

Sasa wazee. Naomba usiwaulize tena, "Barabara ya Sclater ilipita wapi?" Swali hilo linamlazimisha mtu kukuonyesha mahali, naye kwa heshima ya mgeni au mwalimu atakuonyesha. Uliza yale ambayo familia hukumbuka bila kulazimishwa. Ng'ombe wa serikali walinyweshwa wapi? Askari walilala wapi, na watoto walikatazwa kwenda upande gani? Nani alitoa mtama, kondoo au wimbi kwa boma, na alilipwa nini, kama alilipwa? Kuna mahali ambapo watu hawajengi mpaka leo? Na kila simulizi uipe umri kwa kuuliza rika: ni Nyongi, Kimnyige, Kaplelach, au rika gani waliokuwa vijana wa vita wakati huo? Mzee ambaye hajui mwaka wa Kizungu anajua rika la babu yake bila kusita. Kwa njia hiyo utagundua kwamba mzee mmoja anakusimulia mikokoteni ya Sclater na mwenzake magari ya Makaburu, na mwingine malori ya mbao. Wahoji mmoja mmoja kwanza, nyumbani kwao. Baadaye ndipo uwakalishe pamoja.

Utasikia na mambo mazito, na ni haki ya wanafunzi wako kuyajua kabla hawajavaa viatu. Novemba 1895, barabara ikiwa bado inajengwa, msafara wa watu zaidi ya 1,000, wengi wao Wakikuyu pamoja na Waswahili, ulikuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine ulikopeleka mizigo. Katika bonde la Kedong watu wa msafara waligombana na Wamasai na kuwatendea vibaya. Wamasai wakawashambulia, na waliouawa wakazidi 600. Mfanyabiashara Mwingereza, Andrew Dick, akaenda kulipiza kisasi, akauawa naye. Uchunguzi wa serikali yenyewe ulikubali kwamba msafara ndio uliochokoza. Watu wale walikufa wakitoka kwenye mji wako, Mwalimu, na katika vitabu vingi vya shule wanatajwa kwa sentensi moja.

Miaka miwili baadaye, Septemba 1897, askari Wasudani waliokuwa katika msafara wa Meja Macdonald, wamechoshwa na vita na safari zisizokwisha, waliasi karibu na Ravine. Walikwenda magharibi, wakavuka nchi ya Wanandi, wakapita Mumias hadi Busoga, wakaishika ngome ya Lubwa. Barabara iliyojengwa kuwafikisha askari Uganda ikawapeleka waasi, kisha ikawapeleka wanaowafuata. Na huko nyuma kabisa, mwaka 1892, Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu, alikamatwa pale Kikuyu, akaongozwa mateka kuelekea pwani, akafia Kibwezi na kuzikwa huko, mahali ambapo miaka mitatu baadaye Sclater angeanzia kazi yake. Kwa Wanandi, njia hii ilikuwa mwanzo wa mapambano ya miaka kumi yaliyoishia kwa kuuawa kwa kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, mnamo Oktoba 1905. Usiifundishe kama historia ya wahandisi wawili. Waliofyeka, waliobeba na walionyang'anywa mazao yao kwa nguvu ndio walioijenga, na majina yao utayapata, kama yapo, vinywani mwa wazee hao unaowaendea.

Mambo machache ya utaratibu. Msitu ukiwa wa serikali, omba ruhusa ya Huduma ya Misitu na uombe askari wa msitu awasindikize. Mara nyingi yeye ndiye anayejua mifereji yote. Shamba la mtu ni la mtu: peleka ujumbe kupitia chifu au mzee wa kijiji siku kadhaa kabla, na mweleze mwenye shamba wazi kwamba hamtafuti ardhi wala mali. Watu wengi wakiona kundi lina ramani na vipimo hufikiri mpaka wao unahamishwa, na hofu hiyo ina sababu zake katika Bonde la Ufa. Msichimbe. Mkiona ganda la risasi, kipande cha chuma cha gurudumu au chupa ya zamani, pigeni picha pamoja na kitu cha kuonyesha ukubwa, andikeni mahali, mkiache palepale. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inazilinda alama kama hizo, na kuchimba kunahitaji kibali. Mahali panapoonekana pa maana, wapelekeeni taarifa Makumbusho ya Taifa. Rundo la mawe linaloweza kuwa kaburi msilisogeze hata jiwe moja.

Mnapotembea, simu moja irekodi njia kwa satelaiti, na mwanafunzi mmoja aandike kwa mkono. Gawa kila kipande katika daraja tatu. La kwanza ni lile lenye ushahidi wa aina mbili zisizotegemeana, kwa mfano picha ya anga na kivuko, au simulizi ya rika na kata ya ubavuni. La pili ni lenye ushahidi wa aina moja. La tatu ni dhana tu, pale mlipounganisha kwa kufuata mwinuko. Tumia rangi tatu kwenye ramani, na usimruhusu mtu yeyote, hata mwalimu mkuu anayetaka ramani nzuri ya ukutani, akushawishi uzifanye kuwa rangi moja. Ramani yenye mapengo itamsaidia atakayekuja baada yenu kuanzia mahali mlipoachia. Yenye mstari mmoja mnene itampotosha.

Anzieni Ravine mkipanda, msianze Timboroa mkiteremka. Kupanda kunawafanya mwone mlima kama alivyouona mwenye kushika kamba ya ng'ombe wa mbele: kila mara njia inapokuwa kali mno kwa mkokoteni, mtajua hapohapo kwamba mmepotea. Siku ya kwanza isizidi kipande cha boma hadi kivuko cha pili. Mkishakuwa na vivuko viwili mnavyoviamini, niandikie vipimo vyake pamoja na namba za picha za anga mlizotumia, nami nitavilinganisha na vipande vya ramani vya kuanzia Naivasha nilivyokwisha kurekebisha.